Mtani Aliyefunga Ukurasa wa Binti Yangu

Mtani hakuwahi kubisha hodi kwangu. Aliingia kwa mlango wa uani, akafunua sufuria, akanusa, akasema, "Leo tena majani? Ukoo wenu mmeumbwa na meno ya mbuzi." Kisha akavuta kigoda akaketi, utadhani nyumba aliijenga yeye. Nami nilimjibu, "Toa pua yako kwenye chakula changu, mchimba makaburi wewe." Ndivyo tulivyojuliana hali miaka yote.

Asiyejua mambo yetu atasema tuligombana. Basi nieleze. Sisi Waluguru tuna koo, na ukoo mmoja una ukoo mwingine ambao ni watani wake. Mtani wako anaweza kukusema mbele za watu, anaweza kuingia bandani kwako akaondoka na kuku, na wewe huna ruhusa ya kununa. Lakini siku ukifiwa, huyo ndiye anayeshika jembe. Anachimba kaburi, anasimamia jiko, na kilio kikizidi anatia mzaha mpaka watu wacheke, maana kilio kisichokatwa kinaua. Huyu ninayemwandika alikuwa mtani wangu wa namna hiyo. Kazaliwa wapi, na nani, hayo wa kwao wanayajua. Mimi naandika niliyoyaona.

Kazi yake ilikuwa tovuti. Alikuwa na chumba kimoja kwenye njia ya kwenda stendi ya Msamvu, kompyuta mbili kuukuu na feni iliyopiga kelele kuliko upepo wake. Aliwatengenezea tovuti watu wa nyumba za wageni, shule, misikiti, wauza mchele wa Dakawa. Tovuti zenyewe hazikukaa pale chumbani. Zilikaa kwenye seva, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo aliikodi kwa kampuni ya mbali na hata yeye hakuwahi kuiona.

Nilimwambia, "Yaani unalinda shamba usilolijua lilipo?"

"Na wewe unayemwomba Mungu, umeshamwona?"

Nilimfukuza kwa mwiko. Alirudi kabla ugali haujaiva.

Alikuwa na adabu na mashine kuliko na watu. Hakugusa kompyuta kabla ya kunawa, hata kama alikuwa ametoka kunawa. Na hakupenda kusifu. Mtu akifanya vizuri alisema, "Haijaharibika." Mimi nilimpikia wali wa nazi na kisamvu siku ya Idi, akala mpaka akafungua kishikizo, nikamuuliza umeonaje. Akasema, "Haijaharibika."

Lakini jambo lililomtawala ni milango. Kila tovuti, alisema, ina mbele na ina nyuma. Mbele wageni wanasoma. Nyuma kuna paneli, chumba cha mwenye nyumba, ambamo unaweza kubadili kila kitu, kuongeza, kufuta, hata kubomoa yote. Sasa anwani ya paneli ilikuwa ndefu, na mwishoni ina nukta mbili na namba, na wateja wake waliisahau. Wakampigia simu hata akiwa msikitini. Akatafuta dawa. Mbele ya jina kubwa la tovuti aliweka jina dogo, kati yao nukta, akaliamuru jina hilo dogo limgeuze mtu, limpeleke moja kwa moja kwenye mlango wa paneli. Mteja anaandika "funguo", nukta, na jina la tovuti yake, basi, anajikuta mlangoni.

Mimi nimeishia darasa la nne, nikamwambia sijaelewa. Akaweka kijiko chini.

"Jina kubwa ni ukoo. Jina dogo ni mtoto. Ukoo hausogei. Mtoto unamtuma unakotaka."

Hapo nikaelewa, na sijasahau.

Na mlango aliowapeleka ulikuwa lazima uwe na kufuli, lile dogo linalotokea juu kwenye kioo, kuonyesha kwamba nywila, lile neno la siri unaloandika, haisomwi na watu njiani. Palikuwa na bwana mmoja wa nyumba ya wageni aliyelalamika kwamba kufuli linamchelewesha, yeye anataka njia ya mkato. Nilikuwepo nimepeleka ndizi.

Mtani akamwambia, "Unataka kuingia bila kufuli?"

"Ndiyo, kaka, mimi sina siri."

"Basi vua nguo twende sokoni."

Yule bwana hakurudi mwezi mzima. Aliporudi alikuwa mpole.

Sasa huyohuyo, nyumba yake mwenyewe mlango aliufunga kwa kamba ya katani. Mke wake alilalamika, majirani wakamcheka. Yeye akasema mwizi akiingia ataona huruma aache kitu. Mali ya watu aliilinda kwa kufuli la Kizungu, ya kwake kwa kamba. Na nywila zote, za wateja wote, alizitunza kichwani. Hakuziandika popote. "Siri ikiandikwa ni tangazo," alisema. Tulidhani ni uhodari.

Nije kwa binti yangu.

Nilizaa watoto wa kiume, wapo, Mungu awaweke. Ila kwetu ukoo unafuata mama. Watoto wa wanangu wa kiume ni wa koo za mama zao. Wa kubeba jina la nyumba yangu alikuwa binti mmoja, na huyo hakujaliwa mtoto. Aliolewa, akaachwa kwa ajili hiyohiyo, akarudi kwangu akavaa viatu vya mvua akaenda kazini. Alikuwa bibi shamba huko Kinole, milimani, akiwafundisha watu mdalasini, karafuu, pilipili manga, jinsi ya kuvuna bila kuua mti.

Mtani alimwita "mke wangu". Ndivyo watani wanavyofanya. Akimwona anatoka kazini na matope magotini: "Mke wangu, ulikuwa unalima au ulikuwa unaliwa na shamba?" Naye binti yangu humrudishia, "Mume gani wewe, feni yako tu inakushinda." Kicheko chao nilikisikia mpaka jikoni.

Mtani alikuwa na haki ya kusema lolote. Alinisema umbo langu, alisema mapishi yangu, alisema marehemu mume wangu alikufa ili apumzike. Lakini juu ya tumbo la binti yangu hakusema neno, hata kwa mafumbo. Watani wengine walisema, kwa mzaha kama ilivyo kawaida yao, na mimi nilimwona yeye akiinuka, akachukua birika, akaenda kujaza maji ambayo yalikuwa yamejaa. Mtu mwenye ulimi ule. Hilo ndilo ninalomkumbukia kuliko yote.

Yeye ndiye aliyempa binti yangu ukurasa. Wakulima wa kule juu walikuwa wanamwita mmoja mmoja, bonde hili na bonde lile, miguu ikaanza kumuuma. Mtani akamwambia, "Sema mara moja, wasikie wote." Akampa jina dogo mbele ya tovuti yake mwenyewe, jina la binti yangu hasa, na ndani yake akaweka sauti. Binti yangu alirekodi kwa simu huko huko shambani: unasikia ndege, unasikia panga linakwangua gome la mdalasini, unasikia mtu anakohoa pembeni, na yeye anaeleza, mara Kiswahili, mara Kiluguru, wazee wasiachwe. Wanawake wa Kinole walifungua kwenye simu wakiwa kazini. Nilimuuliza Mtani anadai nini. Akasema hiyo ni mahari.

Mimi nilisikiliza zote. Pilipili manga sina hata mche mmoja. Nilikuwa namsikiliza mtoto.

Masika, barabara ya Kinole ikateleza. Bodaboda iliyombeba ikaanguka kwenye daraja. Simu yake ilikwenda na maji, yeye alifika hospitali bado anapumua, na hapo ndipo ilipoishia. Sitaki kuandika zaidi.

Mtani alifika kabla ya ndugu zangu. Alichimba. Mikono ile ya kunawa mara mbili ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko. Aligawa maji, alikemea wapishi, alimwambia imamu afupishe maana mfiwa ana njaa. Mimi nilikaa kwenye mkeka sikulia wala sikula, watu wakaanza kuniangalia kwa woga.

Siku ya kuondoa tanga, watu wamejaa uani, Mtani akapanda juu ya kinu.

"Sikilizeni! Mke wangu nimemfungia ndani! Anayetaka kumsikia alete jogoo!"

Kwenye msiba watani hufunga njia, hilo ni jambo la kale. Mmoja hulala mlangoni, mwingine huficha jembe, mwingine hukalia kiti cha mfiwa, hawatoki mpaka wapewe kitu. Tulingoja tuone amefunga nini. Mpwa wangu akafungua simu, akaandika jina la binti yangu. Badala ya ukurasa wake, kikatokea kile kidirisha cha paneli: kufuli juu, na vijumba viwili vyeupe, kimoja cha jina na kimoja cha nywila. Watu wakatoa simu zao, kila mmoja akagonga, kila mmoja akageuzwa akapelekwa palepale. Uani pote watu wanagonga mlango kwa vidole.

"Fungua, wewe mchawi!" akaita bibi mmoja wa Kinole.

"Jogoo!"

"Tutakupa kifaranga!"

"Kifaranga mpe baba yako!"

Nikacheka. Naapa nilicheka, mpaka nikaangukia bega la jirani, na kucheka kukageuka kilio ambacho kilikuwa kimekwama. Ndiyo kazi ya mtani, na aliifanya. Kaka yangu akaleta jogoo. Mtani akampima kwa mkono.

"Amekonda kama ukoo wenu. Nimempokea. Lakini sifungui leo. Nitafungua siku ya arobaini, mbele ya watu wote, tumsikie pamoja."

Tukasema sawa. Nani angesema hapana? Ilikuwa nzuri hivyo.

Kabla ya arobaini, asubuhi moja mke wake alimkuta ameanguka mlangoni mwa choo. Kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mdomo ukaenda upande, na kichwani kukabaki kama nyumba iliyohamwa. Alikuwa anaita kijiko kitana.

Arobaini ikafika. Tulisoma hitima, tukapika, watu wakala. Hakuna aliyetaja jambo lile, ila niliwaona wakiingiza mikono mifukoni, wakigonga simu chini ya kanga, wakizirudisha. Mlango, kufuli, vijumba viwili.

Kuna msichana jirani yangu anasomea kompyuta chuoni Mazimbu. Alikuja na mashine yake akakaa nayo mchana kutwa. Mwisho akavua miwani.

"Bibi, sauti za mama mkubwa hazijafutwa. Zipo zote."

"Zipo wapi?"

"Kwenye seva, pale pale zilipokuwa. Alichofanya ni kugeuza njia tu. Ukiita jina lake unapelekwa kwenye paneli. Kurudisha njia ni kubonyeza mara moja."

"Basi bonyeza."

"Kitufe kipo ndani ya paneli, Bibi. Na ndani huingii bila nywila yake."

Tuliuliza kampuni ya seva. Wakajibu kwa heshima kwamba wao wanazungumza na mwenye akaunti tu, kupitia barua pepe yake. Na barua pepe yake nayo, kama simu na kompyuta zake, ina nywila, na nywila hiyo iko kichwani mwake pamoja na zingine. Msichana akaniambia la mwisho akiwa ameinama: muda wa kukodi seva ukiisha, na hakuna wa kuingia kuuongeza, vyote vilivyomo vitafutwa.

Ndugu zangu wakawaka. Kaka yangu, yuleyule aliyetoa jogoo, akasema ule haukuwa utani, ule ni uharibifu, apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Mtani hashitakiwi," nikamwambia.

"Hata kwa hili?"

"Kwa hili hasa."

Akaniuliza sina hasira? Sina. Ningekuwa nayo ningekuwa na kitu cha kushika.

Nilikwenda kumwona baada ya mavuno. Mke wake alikuwa amempandisha kwa dada yake Mtani, juu ya Kiroka, mahali penye hewa. Nilipanda kwa miguu sehemu ya mwisho, nikipumzika kwenye kila jiwe lenye umbo la kukalia. Nilikuta wamemweka barazani kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni, shati limefungwa mpaka shingoni, jambo ambalo hakulifanya alipokuwa mzima.

Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama," akasema.

Maneno yalimtoka mazito, upande mmoja wa mdomo, lakini yalikuwa na adabu. Mke wake akageuza uso. Katika umri wangu wote mtu yule hakuwahi kuniamkia. Mtani anayekuamkia ni mtani asiyekujua.

"Marahaba," nikasema. Kisha nikajikaza. "Mchimba makaburi wewe, ndiyo kukaa gani huko? Umekaa kama gunia la mihogo."

Akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mgeni.

"Karibu, mama. Mmetoka mbali?"

"Nimetoka kwenye nyumba uliyokuwa unakula bure."

"Poleni na safari."

Nikamtukana tena, nikautukana ukoo wake wote, nikawasema babu zake. Dada yake alikuwa anacheka jikoni, akinisaidia. Yeye aliendelea kunipa pole. Nikaketi.

Mke wake akatoa simu. Tulikuwa tumekubaliana. Aliandika jina la binti yangu, mlango ukatokea, akamwekea mapajani. Mtani alikitazama kile kioo muda mrefu. Kisha mkono wa kushoto, ule uliobaki, ukainuka wenyewe, na kabla haujagusa alimwambia mke wake, "Maji." Nikajua anataka kunawa. Akaletewa bakuli, akanawa, akafuta kidole kwenye shati, akaanza kuandika. Herufi moja, akasita, nyingine. Alipomaliza, maandishi mekundu yakatokea: nywila si sahihi. Akaandika tena, taratibu zaidi. Mekundu. Mara ya tatu mlango ukakataa hata kujaribiwa, ukasema tungoje.

"Basi, tumwache," mke wake akasema.

Mtani alikuwa bado anatazama. "Huu mlango umefungwa," akaniambia.

"Umeufunga wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kwa ajili ya binti yangu. Uliyekuwa unamwita mke wako. Bibi shamba wa Kinole."

Ukungu ulikuwa unashuka migombani.

Kuna kazi ya watani sikuitaja. Msibani humuiga marehemu. Mtani huvaa nguo yake, hutembea mwendo wake, husema maneno yake kwa sauti yake, na watu hulia na kucheka kwa pamoja. Kwa binti yangu Mtani alifanya yote isipokuwa hilo. Kanga ya binti yangu waliitoa wakamwekea, akaikunja akairudisha ndani. Hakuna aliyemuuliza.

Pale barazani akainua uso. Mdomo uliopinda ukajikaza, ukanyooka kidogo. Na ikatoka sauti, si yake, nyembamba, ya mtu aliyechoka anayevua viatu vya mvua nje ya mlango, anayevuta neno la mwisho kama wanavyovuta watu wa Kinole:

"Mama eee, maji yapo?"

Hivyo ndivyo binti yangu alivyouliza kila jioni akirudi kutoka milimani, kabla hata ya salamu. Kwenye zile rekodi halimo neno hilo. Lilikuwa letu la nyumbani.

Mke wake akainuka akaingia ndani. Mimi sikujua kama ni utani, au ni kichwa kilichovunjika kimeangusha kipande, na Mtani hakunitazama nipate kujua. Alikuwa ameelekeza uso mlangoni, anangoja kujibiwa.

"Yapo, mwanangu," nikasema. "Pita ndani."